Kamera na Swali la Nani Alipe

Filamu ya hali halisi hupendelea upande si kwa uongo tu, bali pia kwa kile isichokionyesha. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa BEKE wenye makao Vugiri, Usambara, uliwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo, mojawapo kuhusu minyoo ya safura. Filamu za aina hiyo zilihoji tabia za mwanakijiji. Bajeti ya serikali ya kikoloni hazikuihoji.

Mwaka 2007 Michael Moore, katika Sicko, alizielekezea kamera kampuni za bima za Marekani. Naye alipendelea: alizisifu Uingereza, Ufaransa na Kuba, akazipita haraka kasoro zao. Lakini swali la nani alipe aliliweka wazi.

Kwetu swali hilo ni la zamani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika vituo vya umma yalikuwa bila malipo. Uchangiaji ukaanza 1993. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Atakayekuja Moshono na kamera arekodi foleni ya wagonjwa, lakini aulize pia mchango wa kaya isiyo na mshahara utatoka wapi. Asipouliza, picha zake zitakuwa za kweli na simulizi lake litakuwa nusu.