Indiketa za LED zahitaji flasha yake

WENYE matatu na magari yaliyorembeshwa katika miji ya Meru na Embu wanaobadilisha balbu za kawaida za indiketa na kuweka za LED hukutana na tatizo moja: taa humeta kwa kasi isiyo ya kawaida, au huwaka tu bila kumeta. Wengi hudhani wameuziwa taa mbovu. Mara nyingi taa ni nzima. Kisichofaa ni flasha, yaani kifaa kidogo kinachokata na kuunganisha umeme ili taa imete.

Urembeshaji wa matatu ulidhibitiwa kuanzia Februari 2004, kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilipoanza kutekelezwa. Magari yalitakiwa kuwa na mstari wa manjano, mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Mwaka wa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliwatetea vijana wanaochora matatu, na urembo ukashamiri tena. Hata hivyo, indiketa si pambo. Ni ishara ambayo dereva wa nyuma huitegemea kuamua kama atapita au atasubiri.

Katika barabara ya kutoka Embu kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru, uamuzi huo ni wa uhai na mauti. Barabara hiyo hukata mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya, ikiwemo Thuci na Nithi, na ina miteremko mikali na kona nyingi. Katika Daraja la Nithi, zaidi ya watu 30 walifariki Julai 2022 basi lilipotumbukia bondeni. Aidha, madereva wa malori wana desturi ya kutumia indiketa kumweleza aliye nyuma iwapo mbele ni salama. Ishara isiyosomeka vyema kwenye kona kama hizo yaweza kuangamiza familia nzima.

Kwa nini taa humeta ovyo? Katika gari la volti 12, balbu mbili za upande mmoja, kila moja wati 21, huvuta umeme wa takriban ampea 3.5. Balbu mbili za LED huenda zikavuta nusu ampea tu. Flasha ya zamani ina kibati kinachopashwa moto na umeme huo hadi kipinde na kukata mkondo. Umeme ukiwa haba, kibati hakipati moto wa kutosha na taa haimeti. Flasha za kielektroniki zilizofuata hupima umeme unaopita. Ukipungua, huchukulia kwamba balbu moja imeungua na kumetesha zilizosalia kwa kasi maradufu ili kumwonya dereva.

Suluhisho bora ni kununua flasha iliyotengenezewa taa za LED, ambayo hupima muda wala haitegemei wingi wa umeme. Kwa kawaida huwa na miguu mitatu: B huunganishwa na umeme wa betri, L huenda kwenye taa, na E huenda kwenye bodi ya gari. Kama flasha ya awali ilikuwa na miguu miwili, fundi ataongeza waya wa bodi. Hakikisha pia volti zimelingana: Toyota Hiace hutumia volti 12, ilhali mabasi mengi ya Isuzu hutumia 24. Kabla ya kazi, tenganisha waya wa hasi wa betri. Magari mengine ya kisasa hayana flasha ya kuchomoa kwa kuwa kompyuta ndiyo huimetesha taa.

Njia ya pili ni rezista, ambayo huunganishwa sambamba na taa ili kuvuta umeme wa ziada. Rezista ya omu 6 katika volti 12 huvuta ampea 2, sawa na wati 24, na zote hugeuka joto. Kwa hiyo ifungwe kwenye chuma, mbali na plastiki, zulia na nyaya. Rezista hiyo hiyo ikifungwa katika gari la volti 24 itabeba karibu wati 100, na inaweza kuwasha moto.

Kuna magari ya zamani yenye taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi kwa pande zote mbili. Ukiweka LED, pande zote huweza kumeta kwa pamoja kama hazadi, kwa sababu umeme hupenya taa hiyo na kufika upande wa pili. Fundi hutenganisha waya zake kwa diodi mbili.

Rangi iwe ya kaharabu, si buluu wala nyeupe. Kasi inayokubalika kimataifa ni kumeta mara 60 hadi 120 kwa dakika, yaani mara 10 hadi 20 katika sekunde 10. Jaribu indiketa huku breki na taa za usiku zikiwaka. Taa zikififia au kumeta pamoja, chunguza waya wa bodi, hasa iwapo bodi ni ya faiba. Kisha simama hatua 30 nyuma ya gari saa sita mchana na uhakikishe mwanga waonekana bila shaka.

Jambo la mwisho husahaulika na wengi. Flasha ya LED haimwonyi tena dereva taa inapozimika, kwa kuwa kasi haibadiliki. Tangu siku inapofungwa, ni sharti dereva au utingo azunguke gari kila asubuhi na kukagua taa zote kabla ya abiria wa kwanza kupanda.