DiRECT (jaribio la tiba)
DiRECT ni jaribio la tiba lililoongozwa na Mike Lean wa Glasgow na Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya 2 wenye uzito uliozidi. Kwa miezi 3 hadi 5 waliacha chakula cha kawaida, wakaishi kwa supu na vinywaji vya unga, takriban kalori 850 kwa siku. Dawa za kisukari na za shinikizo la damu zilisitishwa siku ya kwanza. Mtu asijaribu hivyo bila daktari. Chakula kilirudishwa hatua kwa hatua. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa na sukari chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Baada ya miaka miwili, asilimia 36, kwani uzito hurudi.