Kivu: Bwawa liko mlangoni mwa Bukavu, lakini kartiye ziko gizani

Jioni ikifika katika kartiye za Kadutu, Ibanda na Bagira, wakaaji wengi wa Bukavu wanatafuta buji, taa ya jua ao simu yenye bado ina chaji. Lakini mto Ruzizi unatoka katika ziwa Kivu palepale kwenye mji, na bwawa la umeme liko karibu sana. Ili kuelewa sababu ya giza hiyo, inafaa kurudi nyuma zaidi ya miaka 60.

Bwawa la Ruzizi I lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Mashine zake nne zinaweza kutoa karibu megawati 30. Umeme wake ulifika hata Bujumbura. Wakati ule nyaya zilifuata kwanza viwanda, ofisi na nyumba za Wazungu. Raia wa kawaida walikuja nyuma.

Kisha uhuru, shirika la taifa la umeme, SNEL, lilianzishwa mwaka wa 1970. Katikati ya miaka hiyo serikali ya Mobutu ilivunja makampuni ya umeme ya zamani na kuweka mali yao mikononi mwa SNEL. Tangu hapo shirika moja ndilo lilizalisha umeme, kuusafirisha na kuuza kwa raia, kutoka Matadi mpaka Kivu.

Macho ya Kinshasa yalikuwa yameelekezwa Inga. Inga I ilianza kazi mwaka wa 1972 na megawati 351, na Inga II mwaka wa 1982 na megawati 1.424. Kutoka huko, laini ya kilometa karibu 1.700 ilivutwa mpaka Kolwezi kwa ajili ya migodi ya Shaba, jimbo lenye baadaye liliitwa Katanga. Vijiji vingi vyenye laini ilipita juu yake vilibaki bila taa. Umeme wa laini hiyo ni wa aina ya kwenda moja kwa moja mbali. Hauwezi kukatwa njiani kwa urahisi ili kupewa kijiji. Deni la kazi hiyo lililipwa na taifa zima.

Mashariki, nchi tatu za Maziwa Makuu zilijenga Ruzizi II, iliyoanza kazi mwaka wa 1989. Umeme wake unagawanywa kati ya Congo, Rwanda na Burundi. Wakati huo mji wa Bukavu ulikuwa mdogo. Kisha vita vikaleta maelfu ya watu kutoka vijijini, nyumba zikapanda milima yote, lakini mashine zikabaki zilezile, tena zinazeeka.

Shida haikuwa mashine tu. Kwa miaka mingi umeme uliuzwa kwa bei ndogo kuliko gharama yake, na ofisi nyingi za serikali hazikulipa fakitire zao. Pesa ya kununua vipuri ilikosekana. Wateja wengi hawakuwa na mita, kwa hiyo walilipa kiasi kilekile kila mwezi, hata kama umeme ulionekana siku chache tu. Mwenye kuona analipia giza anaacha kulipa, ao anajiunganisha kwa wizi. Nyaya za wizi zinalemea transfo, transfo inaungua, na kartiye nzima inalala gizani. Kule Ruzizi I, takataka za plastiki zinazotupwa na mji zinafika na maji na kuziba njia ya mashine.

Tarehe 17 Juni 2014 sheria namba 14/011 ilifungua mlango: kampuni binafsi, majimbo na wengine wanaweza kuzalisha na kuuza umeme kwa kibali. Mwaka wa 2016 ikaamriwa kuundwa kwa ARE, yenye kusimamia sekta, na ANSER, ya umeme wa vijijini. Viongozi wa ofisi hizo waliteuliwa mwaka wa 2020 tu.

Kivu ya Kaskazini haikungojea. Bwawa la Matebe, katika Rutshuru, lilijengwa na mradi wa mbuga ya Virunga na kuanza kazi mwishoni mwa 2015. Mwaka wa 2020 kampuni Nuru ilifungua katika Goma kituo cha jua cha megawati 1,3. Fundi wa kusudua vyuma na mwenye kinu waliozoea jenereta walipata umeme wa kutegemea. Lakini bei kwa kilowati-saa iko juu kuliko ya SNEL, na maskini wengi bado wanapika na makala. Tena, mapigano ya Januari 2025 yalipokata laini, Goma ilikosa taa na maji pamoja, maana pampu zinategemea umeme uleule.

Historia hii inaonyesha kwamba kufungua soko ni hatua ya kwanza tu. Kampuni inafuata mwenye kulipa, kama vile nyaya za zamani zilifuata viwanda. Kama ARE haiangalie bei, kama serikali hailipe fakitire zake, na kama kila nyumba haipate mita, mabadiliko yatabaki katika kartiye chache. Na wakaaji wa Bukavu nao wana sehemu yao: chupa inayotupwa leo katika mtaro itafika kesho kwenye mashine ya Ruzizi.