Mahindi Ndani ya Unga wa Machungwa

Kate, wilayani Nkasi mkoani Rukwa, ni nchi ya mahindi, maharage na ulezi. Ukisema huko kwamba juisi ya machungwa hugeuzwa unga, utaambiwa hayo ni mambo ya watu wa Muheza, mkoani Tanga. Historia ya unga huo inaonyesha vingine. Mwaka 1872 Samuel Percy alipewa hataza nchini Marekani ya kukausha vimiminika kwa kuvirusha kama manyunyu ndani ya hewa. Mwaka 1901 Robert Stauf wa Ujerumani akapata yake, na maziwa ya unga yakashika njia. Juisi ya machungwa na malimao ikagoma, wala si kwa kukosa moto. Moto haujawahi kuwa shida. Hata Wafipa, wenyeji wa Nkasi, waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo yaliyovuta hewa bila mivukuto.

Kilichokwamisha ni utamu. Takriban sehemu tisa kati ya kumi za juisi ni maji, na kinachobaki ni hasa sukari na asidi. Ndani ya mnara wa kukaushia, hewa ikiingia na joto la nyuzi 160 au zaidi, tone hukauka kwa sekunde chache tu. Lakini fruktosi kavu huanza kulainika kwenye nyuzi 5 hivi, na glukosi kwenye 31; kwa hiyo chembe hugeuka ulimbo, hugonga ukuta na kung'ang'ania hapo. Mwaka 1945 jeshi la Marekani lilipotaka unga wa machungwa, kampuni ya National Research Corporation ilitegemea ombwe badala ya mnara. Vita vikaisha, oda ikafutwa, na kampuni iliyoundwa kwa kazi hiyo ikageukia juisi nzito ya kugandishwa, yenye jina la Minute Maid. Mnara ulikuja kutii pale juisi ilipochanganywa na kitu kisicholainika upesi, hasa maltodekstrini, yaani wanga uliokatwakatwa kwa vimeng'enya. Wanga huo hutoka kwenye muhogo au viazi, lakini zaidi kwenye mahindi, na mara nyingi hufika nusu ya unga wote au kupita.

Yupo atakayesema huo ni udanganyifu. Ungekuwa hivyo kama pakiti ingenyamaza. Tang, iliyoingia sokoni mwaka 1959, ilikuwa hasa sukari, asidi na ladha. Unga wa juisi halisi una tunda ndani, na mnunuzi ana haki ya kuandikiwa ni kiasi gani. Pingamizi zito zaidi ni nishati: kuvukiza kilo 1 ya maji hudai, hata bila upotevu wowote, zaidi ya nusu uniti ya umeme, na Sumbawanga, makao makuu ya Rukwa, kwa miaka mingi imetegemea umeme kutoka Zambia. Hilo nalikubali, na ndiyo maana sidai mnara ujengwe Kate. Ninachopendekeza ni kinu cha wanga wa mahindi; nacho hula umeme na maji, ila mahindi makavu husubiri ghalani miezi mingi, na chungwa halisubiri. Tangu miaka ya 1980 Rukwa imehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika mikoa mikuu minne ya mahindi, na bado magunia mengi huondoka yakiwa nafaka tupu. Wanaopanga viwanda vya mkoa waanze na wanga; mnara wa juisi waiachie Tanga, yaliko machungwa.