Ujumbe wa kosa ni wa nani?

Hapa Mikinduri, ukishamuuzia dalali bunda la miraa, si lako tena. Huliuzi mara ya pili. Rust, lugha ya programu aliyoianza Graydon Hoare mwaka 2006, ilitoa toleo la 1.0 Mei 2015 ikiwa na kanuni hiyohiyo: kila kitu kina mwenyewe mmoja.

Ajabu ni kwamba kompaila yake, iliyoandikwa kwa Rust yenyewe, haikuifuata kila mahali. Ikipata kosa, hujenga ujumbe kipande kwa kipande, kisha huutoa. Lakini kazi ya kuutoa iliuazima tu. Ujumbe ulibaki mkononi hata baada ya kutolewa, na ungeweza kuuongezea maneno yasiyomfikia mtu.

Januari 2024 Nicholas Nethercote akabadilisha: kuutoa ni kuukabidhi kabisa. Ukiugusa tena, kompaila inakukatalia palepale, kabla programu haijaanza kazi.

Kwa wengine hayo ni mambo ya fundi. Mimi niliacha chuo, najisomea peke yangu. Ujumbe wa kosa ndio mwalimu niliyebaki naye, na sitaki neno lake lolote lipotelee njiani.