Mwisho wa Mwaka na Hesabu ya Wazee Wetu

Tukimwuliza mwanafunzi wa leo mwaka unakwisha lini, atajibu bila kusita: tarehe 31 Desemba. Jibu hilo ni sahihi, lakini si jibu pekee. Mwislamu humaliza mwaka wake mwezi wa Mfunguo Tatu unapoandama kuingia Mfunguo Nne. Karani wa serikali, Tanzania na Kenya, hufunga vitabu vya fedha tarehe 30 Juni. Na mzee wa Makunduchi, kusini ya kisiwa cha Unguja, anao mwaka wa nne, ambao siku hizi hukoma katika mwezi wa Julai. Huo wa nne ndio tunaokusudia kuueleza, kwa kuwa ndio ulio karibu nasi zaidi, na ndio tulio karibu kuupoteza.

Kwanza na tutazame mataifa mengine, ili tusidhani kwamba mwisho wa mwaka umeandikwa mbinguni. Warumi wa kale waliuanza mwaka mwezi wa Machi; hata leo jina la Desemba, ambayo kwetu ni mwezi wa 12, lina maana ya mwezi wa 10. Tangu mwaka 153 kabla ya Kristo, wakuu wao wawili wa dola walianza kushika madaraka tarehe 1 Januari, ili wawahi kwenda vitani Hispania. Waingereza nao waliuanza mwaka wao tarehe 25 Machi, mpaka sheria ilipoamuru mwaka 1752 uanze Januari. Waethiopia huuanza mwezi wa Septemba, mvua kubwa zinapopungua. Waajemi huadhimisha Nauruzi mwezi wa Machi, usiku na mchana unapolingana. Basi kila taifa liliweka mpaka wa mwaka pale kazi yake ilipotaka uwekwe: wengine kwa vita, wengine kwa mvua, wengine kwa jua.

Nasi watu wa pwani tulifanya vivyo hivyo. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Unafaa sana kwa saumu na hija, lakini haumwongozi mkulima, kwa sababu huzunguka majira yote. Baharia aliyengoja kaskazi imlete kutoka Arabuni, na kusi imrudishe, alihitaji hesabu nyingine. Hesabu hiyo ni ya miongo. Mwongo mmoja ni siku 10. Miongo 36 ni siku 360. Zikiongezwa siku 5 mwaka hutimia. Zamani watu hawakuulizana tarehe; waliulizana, "Huu mwongo gani?" Kwa jibu la swali hilo walijua wakati wa kupanda na wakati wa kung'oa nanga.

Siku ya mwisho wa mwaka huo iliitwa kibunzi, na siku ya kwanza Nairuzi, jina lililofika kwetu kutoka kwa Waajemi kwa njia ya bahari. Wengi huiita Siku ya Mwaka. Watu waliamkia baharini kuoga, ndiyo sababu tukasema "kuoga mwaka", na Makunduchi ikaitwa Mwaka Kogwa. Mioto ya zamani ilizimwa, ukawashwa moto mpya kwa kupekecha vijiti. Makunduchi hata leo wanaume wa pande mbili hupigana kwa mapande ya migomba, ili chuki za mwaka zitoke hadharani zisiingie mwaka mpya. Wanawake huimba, na kibanda cha makuti huchomwa moto, aliyemo akitoka salama. Kisha watu hula pamoja, na mgeni hukaribishwa kwa furaha.

Sherehe hizi bado zipo, na watazamaji wake ni wengi. Lakini tujiulize: sherehe ni kitu gani bila hesabu yake? Tufahamu ya kuwa mwaka huu wa siku 365 hauna siku ya nyongeza kila baada ya miaka 4, ilhali dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na karibu robo. Kwa hiyo Siku ya Mwaka hurudi nyuma polepole, kiasi cha siku 24 katika kila miaka 100. Misri ya kale ilikuwa na mwaka wa namna hii hii. Wenye kujua miongo iliwapasa, kizazi baada ya kizazi, kuilinganisha na mvua na pepo: kazi iliyopandwa katika mwongo fulani na babu, mjukuu aliihamishia mwongo mwingine. Hii ilikuwa elimu, wala haikuwa ngoma tu. Nayo haikukaa vitabuni. Ilikaa vichwani mwa wazee.

Hapo ndipo hatari ilipo. Ngoma huweza kurithiwa kwa kutazama, lakini hesabu hairithiwi ila kwa kufundishwa. Aliyeona migomba ikirushwa atasimulia alichokiona. Asiyeambiwa mwongo hataujua kamwe. Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Nasi twaongeza kwamba anayeshika ngoma akaacha maana yake ameshika ganda, tunda limemponyoka.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa pwani na visiwani wawatume wanafunzi wao kwa wavuvi, manahodha na wakulima wazee, wakiwa na daftari na kalamu. Wawaulize: Huu mwongo gani? Katika mwongo huu hupandwa nini? Upepo gani hutazamiwa? Majibu yaandikwe kama yalivyotamkwa, kisha yalinganishwe na kalenda iliyotundikwa ukutani. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, lakini haiwezi kungoja, kwa kuwa mzee naye ana kibunzi chake.