Kahawa, Elimu na Biashara Katika Thika na Ruiru

Katika taarifa ya mwaka huwa twatenga kurasa chache kwa ajili ya historia, ili wanachama, na hasa vijana, wapate kujua chanzo cha mambo wanayoyaona kila siku. Mara hii tumependa kusimulia jinsi wafanyabiashara na wataalamu walivyoshirikiana katika nchi yetu ya Thika na Ruiru, hata mazao yake yakavuka bahari. Nia yetu si kuwasifu wakubwa. Kila apitaye njia kuu ya kutoka Nairobi huona mibuni ikipungua na nyumba zikiongezeka, na wazee wametuuliza kama iko faida tena kumwambia kijana apande kahawa. Swali hilo halijibiki bila kutazama nyuma.

Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Walowezi walikuwa wamekwisha kuanza kupanda kahawa na mkonge, na sasa mzigo uliopakiwa Thika uliweza kufika Mombasa na kutoka huko kwenda Ulaya. Mlango wa biashara ulifunguka, lakini haukuwa wa watu wote. Mwafrika alilima, akapalilia, akachuma. Kupanda mbuni wake mwenyewe alikatazwa. Katazo hilo lilianza kulegezwa katika miaka ya 1930 huko Kisii, Embu na Meru. Wenyeji wa Kiambu na Murang'a walingoja hata baada ya Vita Kuu ya Pili, na upanzi ukaenea kwa nguvu baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Yafaa tumkumbuke hapa Harry Thuku. Mwaka 1922 alikamatwa kwa kuwatetea Waafrika juu ya kodi, kipande na kazi ya kulazimishwa, akawekwa kizuizini miaka mingi. Baadaye alirudi shambani akawa mkulima wa kahawa, na mwaka 1959 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuketi katika halmashauri ya Kenya Planters Coffee Union, chama kikubwa cha wakulima wa kahawa. Miaka 37 ilipita baina ya kukamatwa na kuketi. Hiyo ndiyo thamani ya kiti ambacho leo wengi wetu hukiacha kitupu siku ya mkutano wa chama cha ushirika.

Sasa tuwatazame wataalamu. Mwaka 1922 uleule, magharibi mwa Kenya, mibuni ilionekana ikipatwa na ugonjwa unaooza matunda yangali mabichi, ambao wengine huuita chulebuni. Ugonjwa huo uliangamiza mashamba mengi, kisha ukavuka kuja upande wetu. Mwaka 1944 Serikali ilinunua shamba la Jacaranda, karibu na Ruiru, liwe kituo cha uchunguzi wa kahawa. Baada ya Uhuru kazi ya kituo hicho iliendeshwa kwa fedha zilizokatwa katika mauzo ya kahawa. Maana yake ni kwamba mkulima mdogo mwenye miti mia mbili naye alikuwa akiwalipa wataalamu wale, hata kama hakupata kuwaona kwa macho.

Mvua nyingi za mwaka 1967 zilileta hasara kubwa. Dawa ya shaba ilinyunyizwa tena na tena, na gharama yake ikala mapato ya wakulima; asiyeweza kuinunua aliangalia tu matunda yakigeuka meusi. Ndipo mwaka 1971 wachunguzi wa Ruiru walipoanza kutafuta mbuni utakaojikinga wenyewe. Walichukua miti iliyosifika kwa ladha yake, SL28 na SL34, iliyochaguliwa katika maabara ya Scott karibu na Nairobi, wakaichanganya na mibuni ya mbali: mmoja asili yake ni Sudani ya Kusini, mwingine kisiwa cha Timor, na mwingine ulitoka Colombia. Kazi ilichukua miaka 14. Mwaka 1985 mbegu mpya ikatolewa, ikapewa jina la Ruiru 11.

Mti huo ni mfupi, huanza kuzaa mapema, na katika hektari moja huweza kupandwa miti 2,500 mahali ambapo ya zamani ilitosha 1,330 tu. Huvumilia chulebuni na kutu ya majani. Mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, na kwa sababu hiyo miche ilikuwa haba kwa muda mrefu. Wanunuzi wengine walinung'unika juu ya ladha yake, na wachunguzi wakaendelea na kazi hata wakatoa Batian mwaka 2010. Hivyo jina la mji wetu limetajwa na wakulima na wanunuzi wa kahawa katika nchi nyingi, na mti wenyewe ni zao la mataifa yaliyopeana mbegu.

Huko Thika nako kuna habari inayofanana na hiyo. Makadamia, mti wa asili ya Australia, ulipandwa mwaka 1946 na mlowezi Bob Harries katika shamba lake la Kalamaini. Miaka mingi ulikuwa kama mti wa pambo. Mwaka 1974 Mjapani Yoshiyuki Sato alianzisha Kenya Nut, kiwanda cha kubangua na kuuza kokwa zake ng'ambo, na wachunguzi wa kituo cha mazao ya bustani cha Thika, wakisaidiwa na wataalamu wa Japani, wakachagua aina zinazofaa nchi yetu. Mwaka 2008 Sato alimwachia kampuni mshirika wake Mkenya, Pius Ngugi. Mwaka 2009 sheria ikakataza kupeleka nje makadamia yasiyobanguliwa, ili kazi ya viwanda ibaki kwa wananchi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Elimu ya juu nayo imekuja kukaa jirani. Chuo cha Jomo Kenyatta pale Juja, kati ya Ruiru na Thika, kilianza kufundisha kilimo na ufundi mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, kikawa chuo kikuu mwaka 1994. Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichoanzishwa mjini Thika na Simon Gicharu, kilipata hati yake mwaka 2011.

Lakini ni lazima tuseme kweli yote. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna kahawa karibu tani 130,000. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya mataifa yaliyogawa kiasi cha kahawa ya kuuzwa yalivunjika na bei ikaanguka. Malipo yalichelewa, vyama vya ushirika vikagombana, na mavuno ya nchi yakashuka hata chini ya tani 50,000. Mbegu nzuri ilikuwapo, haikutosha. Mtaalamu aliponya mti, bali hesabu za biashara hazikumponya mkulima. Kisha barabara mpya ya Thika ikakamilika mwaka 2012, ardhi ikapanda bei, na aliyeuza shamba hatuwezi kumlaumu.

Basi jibu letu kwa wazee ni hili. Kahawa na makadamia vilistawi hapa kila mara mtaalamu, mfanyabiashara na mkulima walipoketi pamoja. Vilidhoofika kila mara mkulima alipoachwa nje, awe amefukuzwa na sheria au amejifukuza mwenyewe kwa kutohudhuria. Kwa hiyo twawasihi wanachama wahudhurie mikutano ya ushirika, wadai kusomewa hesabu, wapeleke majani yenye ugonjwa kwa wachunguzi wa Ruiru na Thika, na wasomeshe watoto wao, wa kike na wa kiume, elimu ya mazao na ya biashara. Kijana asiambiwe tu apande kahawa. Aambiwe kwanza ni nani atakayeinunua, kwa bei gani, na nani amepiga hesabu hiyo. Mchumia juani hulia kivulini. Nasi yatupasa kuhakikisha kwamba kivuli hicho kipo.